Ubao Mweupe na Miche 62

Mama yangu ana swali moja ambalo hadi leo sijampa jibu la kumridhisha: "Hao watu walikuuliza siku ngapi?" Nikimwambia kwamba tangu simu ya kwanza hadi kikao cha mwisho zilipita wiki 7, anauweka chini ungo wa mchele na kunitazama kama ninayemficha jambo. Yeye alipoingia kiwanda cha mkonge kule Muheza, nyapara alimpeleka kwenye mashine ya brashi saa moja asubuhi, akamwonyesha singa zinavyoshikwa, akaenda zake. Saa nne akarudi, akalitazama rundo, akamwambia kesho awahi. Nusu siku ile alilipwa.

Mimi nilikuwa naomba kazi ya kuandika kodi. Si kodi ya TRA wala ya mwenye nyumba. Nasema yale maandishi yanayoiamuru kompyuta, ambayo wanaojali lugha huyaita msimbo na sisi tunaoyaandika tumezoea kuyaita kodi. Kampuni yenyewe ni changa, iko Dar es Salaam, ina watu 9 na programu inayowasaidia wenye maduka kufunga hesabu za malipo ya simu. Jina nitalihifadhi. Niliyoyaona pale nimeyasikia kwa wenzangu watano au sita waliosailiwa kwingine, na nikimtaja mmoja wengine watajiona wamesalimika.

Tangazo lilisema kazi inaweza kufanywa ukiwa popote nchini. Popote kwangu ni Chumbageni, mtaa wa Tanga. Tanga ilijengwa na mkonge. Sisi wa rika hili tunaishi kwa mkongo, ule wa Taifa wa mawasiliano, ndiyo maana mtu anaweza kukaa nyumbani kwao na akahudumia duka la Mwanza bila muuzaji kujua kwamba fundi wake anasikia adhana ya Ngamiani. Nilikuwa na miaka 6 ya kazi hiyo. Nikapeleka wasifu.

Hatua zilikuwa 5. Ya kwanza ilikuwa simu ya nusu saa na dada wa rasilimali watu, mchangamfu, asiye na neno. Ya pili ikawa jaribio la mtandaoni la dakika 90, saa ikihesabu kurudi nyuma pembeni mwa skrini. Dakika ya 38 umeme ukakatika mtaa mzima, nikamalizia kwa bando la simu na kompyuta yenye chaji ya asilimia 11. Ya tatu ilikuwa kazi ya kufanyia nyumbani, nitairudia. Ya nne, simu ya video na wahandisi wawili. Ya tano wakaniita ofisini, kwa nauli yangu.

Nikapanda basi Kange alfajiri, nikanunua machungwa Muheza kwa ajili ya shangazi, nikalala kwake Temeke, na kesho yake saa nne nikawa ndani ya chumba cha vioo. Wanaume wanne walikuwa upande mmoja wa meza. Mimi niko upande wa pili nimesimama, na mkononi nina kalamu ya wino wa bluu. Nyuma yangu ubao mweupe.

Nikaambiwa niandike utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu. Msomaji asiye wa fani hii asiogope. Ni ujanja anaoutumia kila anayetafuta neno kwenye kamusi. Unafungua katikati, unaangalia kama neno lako liko mbele au nyuma, unaiacha nusu isiyokuhusu, unarudia kwenye nusu iliyobaki. Kurasa 1,000 unazimaliza kwa kufungua mara 10. Nimeshaitumia njia hii mara nyingi, lakini kuiandika toka mwanzo kwa mkono sikumbuki mara ya mwisho, kwa sababu lugha nyingi za kompyuta tunazofanyia kazi zinakuja nayo tayari. Nikapewa dakika 15.

Niliandika. Nikafuta kwa kiganja maana kifutio sikukiona. Nikaandika tena. Kwenye mpaka wa juu wa orodha nikajumlisha moja pasipostahili, mmoja wao akauliza, "Una uhakika?" Sijui swali jingine linaloweza kumnyang'anya mtu uhakika wake haraka kuliko hilo. Nikafuta hata kile kilichokuwa sahihi. Mwanzilishi alikuwa anajibu ujumbe kwenye simu yake. Dakika zilipokwisha, kiganja changu chote kilikuwa cha bluu na ubaoni palibaki kitu kinachofanana na jibu.

Sasa kuhusu swali hilo lenyewe. Donald Knuth, ambaye vitabu vyake ndivyo msahafu wa fani hii, ameeleza kwamba njia hiyo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1946, lakini toleo lililofanya kazi sawasawa kwa orodha ya urefu wowote halikuonekana hadi karibu mwaka 1960. Miaka 14 hivi. Jon Bentley, mtaalamu mwingine wa kompyuta, aliwapa watengeneza programu wa kulipwa, watu wazima kazini, saa kadhaa waiandike. Takriban asilimia 90 ya majibu yalikuwa na makosa. Na mwaka 2006 Joshua Bloch, wakati huo akiwa Google, alieleza hadharani kwamba kodi ya njia hiyo ndani ya maktaba ya Java, yaani hazina ya kodi iliyo tayari ya lugha hiyo ya kompyuta, aliyoiandika yeye mwenyewe, ilikaa na kosa miaka takriban 9: ilijumlisha namba mbili kubwa kabla ya kugawa kwa 2, na jumla ikifika ukubwa fulani ilifurika chombo chake na kugeuka hasi. Dunia nzima ilikuwa inaitumia. Na mimi nilikuwa na dakika 15 na kalamu iliyokauka nusu.

Nitajibiwa kwamba hawakutaka jibu sahihi, walitaka kuona ninavyofikiri. Nimelisikia hilo kila mahali, na linasemwa kwa nia njema. Ila lina dhana ndani yake: kwamba mtu anayetazamwa na wageni wanne anafikiri kwa namna ile ile anavyofikiri akiwa peke yake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, pamoja na wenzao wa Microsoft, waliipima dhana hiyo. Walichukua wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta wakawapa swali moja. Nusu walilifanya ubaoni mbele ya msaili, wakieleza kwa sauti kila hatua. Nusu walilifanya kwenye chumba chao peke yao. Waliotazamwa walifanya vizuri kwa kiwango kisichofika hata nusu ya wale waliofungiwa mlango. Na hili lilinikaa moyoni: katika kundi la waliotazamwa hakuna mwanamke hata mmoja aliyelipata jibu, na katika kundi la waliokuwa peke yao wanawake wote walilipata. Idadi ni ndogo, sitaijengea nyumba. Lakini kama mizani inabadilika kwa kuangaliwa tu, basi kilichowekwa juu yake si ujuzi wa kuandika kodi. Ni ujuzi wa kuangaliwa, na huo kazini hautumiki.

Desturi hii hawakuitunga wao. Mwanzilishi aliniambia kwa fahari kwamba "tunasaili kama Google." Tuichukue kauli hiyo kwa uzito wake. Google na wenzake wa rika lile hupokea maombi kwa mamilioni, na kwa muda mrefu falsafa yao imekuwa kwamba ni heri kuwakosa wazuri wengi kuliko kumwingiza mbovu mmoja. Kwao hesabu hiyo inaingia akilini. Ukimkataa mzuri leo, mlangoni wako wengine 1,000 wanaomzidi au kumlingana. Mwaka 2015 Max Howell, mtunzi wa Homebrew, programu ambayo kwa madai yake wahandisi wengi wa Google huitumia kila siku, alilalamika hadharani kwamba Google imemkataa kwa sababu alishindwa kugeuza mti wa data, yaani data iliyopangwa kwa matawi, ubaoni. Watu wakacheka, wakabishana, na Google ikaendelea na maisha yake. Isitoshe, hata wao hawakuganda: mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyesimamia rasilimali watu pale, alikiri kwamba yale mafumbo yao ya zamani, mipira mingapi ya gofu inaenea ndani ya ndege na mengineyo, yalikuwa kupoteza muda na hayakutabiri chochote. Waigaji walikuwa bado hawajaanza kuyaiga yeye alipokuwa anayatupa.

Huku kwetu tuna mfano mwingine, na ningependa kampuni changa zingeujua kuliko ule wa California. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, ikavuka bahari mpaka pwani yetu, na iliyobaki hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka humo yakatoka mashamba ambayo baadaye yaliifanya Tanga ijulikane duniani kwa mkonge. Mwenye miche 62 hana anasa ya mwenye miche milioni. Haung'oi mmoja eti jani lake limepinda siku aliyoukagua.

Kampuni ya watu 9 inayotafuta mhandisi wa kazi hiyo, kwa mshahara inaoumudu, ina miche mingapi mkononi? Siyo 62, na sidhani hata 20. Ikichukua chujio lililotengenezwa kwa ajili ya mto mkubwa na kulitia kwenye ndoo moja ya maji, itabaki na chujio kavu. Ndivyo ilivyokuwa. Tangazo lao lilirudi mtandaoni mwezi uliofuata, likarudi tena mwezi uliofuata huo, maneno yale yale, na lile "popote nchini" likiwa bado mahali pake.

Wana hofu, naielewa. Kati ya watu 9, mmoja akiwa hafai ni zaidi ya asilimia 10 ya kampuni. Lakini hofu hiyo inazungumzwa kana kwamba mkataba wa ajira ni ndoa ya Kikatoliki. Kipindi cha majaribio kipo, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka wazi kwamba masharti yake kuhusu kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Nusu mwaka! Mwajiri amepewa dirisha la kumwona mtu akifanya kazi yenyewe, kwa mshahara, na bado anaona ni salama zaidi kumhukumu kwa dakika 15 za ubao. Mimi kama mfanyakazi siipendi sana sehemu hiyo ya sheria, lakini ipo, na wanaoipuuza ni wale wale inaowalinda.

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Katika hatua ya nne, ile ya simu ya video, kulikuwa na kaka mmoja mpole ambaye alikaa kimya karibu muda wote. Zilipobaki kama dakika 10 akauliza, "Hebu niambie siku mfumo ulioutengeneza ulipokuumbua."

Nikamwambia habari ya maziwa. Nilikuwa nimekitengenezea chama cha wafugaji mfumo wa kuandikisha maziwa. Asubuhi karani wa kituo anapima, anaingiza lita za kila mfugaji kwenye simu, anabonyeza tuma, taarifa inakwenda kwenye seva, ile kompyuta kuu inayozipokea, na mwisho wa mwezi malipo yanakokotolewa humo. Ikaja masika. Mtandao kule milimani ukawa wa kubahatisha. Karani anabonyeza, jibu halirudi, anabonyeza tena, na mara nyingine tena. Yeye anajua ametuma mara moja kwa taabu; seva inajua imepokea mizigo mitatu. Mwisho wa mwezi mzee mmoja mwenye ng'ombe wawili akalipwa maziwa ya ng'ombe sita. Na ni yeye mwenyewe aliyekuja ofisini kusema. "Mwanangu, mashine yako ina huruma kupita kiasi."

Kaka yule akacheka, kisha akasogea karibu na kamera. Ulirekebishaje? Nikamweleza: kila mzigo ukapewa namba yake ndani ya simu ya karani, kabla haujaondoka. Ukitumwa mara 10, namba ni ile ile. Seva ikiiona namba iliyokwisha kuipokea inajibu "nimepata" na haiandiki kitu. Akauliza, na simu ikizimika kabla jibu halijarudi? Nikamwambia tulivyoihifadhi namba. Akauliza, na ambao walikwisha kulipwa zaidi? Hapo nikamweleza kitu ambacho hakimo kwenye kodi hata kidogo: kikao cha kamati, kelele, na uamuzi wa kukata kidogo kidogo kwa miezi 3, yule mzee asikatwe hata senti kwa kuwa alisema mwenyewe. Akauliza nani aliwaambia wafugaji. Mimi, nikamjibu, chini ya mwembe, na sitaki kulikumbuka.

Kumbuka kampuni hii inafanya nini. Inafunga hesabu za malipo ya simu kwa wenye maduka. Malipo kubonyezwa mara mbili kwa ajili ya mtandao mbovu ndiyo maradhi yao ya kila siku. Katika wiki 7, zile dakika 10 ndizo pekee tulipozungumza kuhusu kazi niliyokuwa naiomba. Kufikia mwisho alikuwa ananiuliza maswali ambayo niliona wazi yanamsumbua yeye mwenyewe. Nilikata simu nikajua nimepata kazi.

Nilipouliza matokeo baadaye niliambiwa nimepungukiwa kwenye "misingi." Misingi maana yake ubao.

Wanasaikolojia wa kazi wamelifukua jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na kumpa mtu sampuli ya kazi yenyewe ikawa miongoni mwa njia zilizotabiri vizuri zaidi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakazirudia hesabu hizo, wakaona makadirio mengi yalikuwa yametiwa chumvi, wakayashusha. Kilichobaki juu kabisa ni usaili uliopangiliwa, yaani maswali yanayotokana na kazi, yale yale kwa kila mwombaji, yenye vigezo vya alama vilivyoandikwa kabla mtu hajaingia mlangoni. Swali la kaka yule lingeweza kuwa hivyo. Angelikuwa na karatasi yenye nafasi ya kuandika alama zake, pengine lingehesabiwa. Lilikuwa hisani yake tu.

Kilichokuwa hakijapangiliwa kabisa ni mazungumzo ya baada ya ubao. Mwanzilishi aliweka simu chini na kuniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Akauliza kama nina mpango wa karibuni, maana "hii ni kazi ya kukesha." Kisha akasema, huku anatabasamu, kwamba Tanga si ndiyo ile ya waja leo waondoka leo, je, nitadumu? Wote wakacheka. Msemo wenyewe ni wa wageni wanaokuja kwetu, si wa wenyeji, lakini si hapo penye tatizo. Kifungu cha 7 cha sheria ile ile ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi ya jinsia, ujauzito, ndoa na majukumu ya familia, miongoni mwa mingine, na kinasema mwombaji kazi naye anahesabiwa kama mfanyakazi kwa ajili ya kifungu hicho. Nilikuwa nakijua. Sikukitaja. Na mimi nilicheka, nikijikausha wino kwenye sketi, na hicho kicheko changu ndicho kinachoniudhi hadi leo kuliko swali lenyewe.

Niliahidi kurudi kwenye kazi ya nyumbani. Waliiita ya saa 4. Ilinichukua usiku 4, saa 19 kwa hesabu yangu, kutengeneza kipande kinacholinganisha miamala ya duka na taarifa za mtandao wa simu na kuonyesha isiyokubaliana. Jedwali walilonipa la kujaribia lilikuwa na majina na namba za simu ambazo kwa macho yangu zilikuwa za watu wa kweli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mimi nimekaa na maelfu ya wateja wa watu kwenye kompyuta ninayomwazimisha mdogo wangu wa kidato cha tatu. Nilizifuta taarifa zile. Wao hawakuniuliza kama nimezifuta. Kipande nilichowatengenezea kilipokelewa kwa "asante, kazi nzuri," na kama kinafanya kazi mahali fulani leo sina njia ya kujua. Sikuwa mwajiriwa, sikusaini kitu, sikulipwa. Nyapara wa Muheza, ambaye hakuna aliyewahi kumsifu kwa haki za binadamu, alimlipa mama yangu nusu siku.

Siku hizi kampuni zinasema kazi ya nyumbani haina maana tena, kwamba tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa mwaka 2022 hujui aliyefanya ni mwombaji au mashine, hivyo turudi ubaoni. Sioni ugumu uko wapi. Kaa na mtu huyo mbele ya alichokileta, mwambie abadilishe kitu kimoja. Aliyeazima ataonekana ndani ya dakika 5, kama mwanafunzi aliyenakili hesabu anavyoonekana akiambiwa abadilishe namba.

Mafundi baiskeli wa Ngamiani wanaijua njia hiyo tangu zamani. Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi mzuri hakosi vijana wanaomtaka kazi. Kijana anakabidhiwa rimu iliyopinda na ufunguo wa spoku, anaonyeshwa pa kukaa. Fundi anaendelea na shughuli zake, amempa mgongo. Anachofanya ni kusikiliza. Kijana anayejua hugonga spoku kwa kidole na kufuatisha sauti. Iliyolegea inalia kizito, iliyokaza inalia kikali. Asiyejua anakaza tu kimyakimya mpaka rimu inakuwa nane. Baada ya saa moja hakuna cha kubishana, gurudumu ama linazunguka sawa ama linayumba, na aliyekataliwa anaondoka na hela ya soda.

Lakini nisiupambe mtaa kwa kuwa ni wetu. Nani anayefika kwenye kile kigoda? Mpwa wa fundi. Mtoto wa jirani. Kijana aliyeletwa na mtu. Nimekulia mitaa hiyo na sijawahi kumwona msichana akikabidhiwa rimu. Ubao mweupe, pamoja na yote niliyousema, uliniita mimi binti wa mfanyakazi wa mkonge nisiye na mjomba ofisini, ukanipa kalamu ile ile wanayopewa wengine. Wanaoutetea wana hoja hapo, na ni hoja nzito kuliko ile ya "tunaona unavyofikiri." Ila ubao hauendeshi usaili peke yake. Umezungukwa na watu, na hao ndio walioniuliza habari za ndoa.

Jibu lilikuja baada ya wiki 3 za ukimya, mistari miwili, ya pili ikinitakia kila la heri. Mama akasema kheri yangu. Nikaendelea na wateja wangu wadogo wadogo, wakaongezeka, ikafika mahali nikahitaji msaidizi.

Akaja kijana mmoja kutoka Makorora. Shikamoo zake mbili, begi mgongoni, macho yanaangalia ubao wangu ukutani, nami ninao, sitadanganya, nauandikia madeni. Nikampa faili moja la kweli lenye hitilafu ya kweli, data nimezibadilisha majina, nikamwambia nusu siku, nitakulipa, ukikwama sema. Nikavuta kiti nikakaa pembeni yake.

Baada ya dakika kama 5 nikaona kidole chake kinaning'inia juu ya kibonyezo, hakishuki. Alikuwa anasubiri nimtazame ndipo abonyeze. Nikainuka, nikamwambia naenda kunywa kahawa.

Barazani walikuwa wanabishana Coastal Union na mwamuzi. Nilikunywa vikombe vitatu na kashata, ambavyo ni vingi kwa mtu mwenye presha ya kurithi, na mara mbili nikajizuia kurudi kuchungulia. Niliporudi alikuwa amevua viatu, amekunja mguu mmoja kwenye kiti.

"Dada, ile uliyonipa nimeimaliza," akasema bila kugeuka. "Ila huku chini kuna nyingine, inaihesabu Februari siku 30. Hii nani aliandika?"

Nikamuuliza kama anakunywa kahawa.